Macho ya Wageni Kusini mwa Pwani ya Kenya: Kwale Inavyoonekana, kutoka Diani hadi Wasini

Kwa karne nyingi wasafiri kutoka nchi za nje wamepita pwani ya kusini ya Kenya na kuondoka na picha zao kuihusu. Wa mwanzo waliandika vitabu vya safari, wa baada yao wakatuma kadi za posta, na wa leo wanapiga picha kwa simu na kuzisambaza kabla hata jua halijazama. Picha hizo zinahusu bahari na misitu, lakini zinahusu zaidi watu: wanavyosalimiana, wanavyovaa, wanavyopika, wanavyoswali, wanavyouza na wanavyojadiliana bei. Makala haya yanaeleza jinsi maoni hayo yanavyojengeka katika Kaunti ya Kwale, yanavyotofautiana kutoka sehemu hadi sehemu, na yanavyowagusa wenyeji. Ushahidi wa Kwale unaonyesha jambo moja waziwazi. Mgeni huona kile anachoonyeshwa, na picha atakayoondoka nayo inategemea sana ni nani aliyemwonyesha.

Mahali na watu

Kwale inaanzia baada ya Likoni, ng'ambo ya kivuko kilicho kusini mwa kisiwa cha Mombasa, na kuishia mpaka wa Tanzania ulioko Lunga Lunga. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 866,820. Wenyeji wengi ni Wadigo na Waduruma, ambao ni miongoni mwa makabila tisa ya Wamijikenda. Wadigo wameenea zaidi ukanda wa bahari, nao Waduruma wako bara upande wa Kinango, ambako ardhi ni kavu na ng'ombe ni wengi. Visiwani na kwenye miji midogo ya kusini, kama Wasini, Funzi na Vanga, wanaishi Wavumba na Wakifundi wenye lahaja zao za Kiswahili. Wapo pia Wapemba, waliotambuliwa rasmi na serikali mwaka 2023, na Wamakonde, ambao babu zao walikuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Wamakonde waliishi bila uraia hadi 2016, mwaka ambao walifunga safari ya miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kudai vitambulisho, na wakavipata.

Ukanda wa bahari ni wa Waislamu kwa wingi wao. Hili linawashangaza wageni wengi, kwa sababu matangazo ya utalii ya Kenya huwaandaa kwa simba, ndovu na Wamasai, si kwa adhana ya alfajiri wala wanawake waliojifunga leso wakirudi sokoni.

Bahari yenyewe ina ratiba yake. Mbele ya Diani, ufuo wa mchanga mweupe wenye urefu wa takriban kilomita 17, kuna mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi na kuacha maji matulivu upande wa ndani. Maji yanapokupwa, hasa wakati wa bamvua, mtu anaweza kutembea hadi karibu na mwamba; yakijaa, ufuo hubaki ukanda mwembamba. Pepo mbili hutawala mwaka: kaskazi, wa joto na bahari shwari, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, na kusi, unaochafua bahari kuanzia mwezi wa Aprili au Mei. Wakati wa kusi mwani mwingi hutupwa ufukweni. Mgeni aliyeona picha za kaskazi akija wakati wa kusi hudhani ufuo umetelekezwa, kumbe anaangalia majira ya kawaida ya bahari.

Wasafiri wa kabla ya hoteli

Mojawapo ya maelezo ya kale zaidi yaliyoandikwa na mgeni kuhusu maisha ya kila siku ya pwani hii ni ya Ibn Battuta, msafiri kutoka Tangier nchini Moroko, aliyelala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331 kabla ya kuendelea na safari ya Kilwa. Hakueleza mandhari sana. Alitazama watu. Aliandika juu ya ndizi na matunda mengine, samaki, misikiti ya mbao iliyojengwa imara, na desturi ya kuosha miguu kwa maji ya kisima kabla ya kuingia kuswali. Desturi hiyo ingali hai. Msikiti wa Kongo, ulioko penye mdomo wa Mto Mwachema kati ya Tiwi na Diani, ni wa mawe ya matumbawe na una umri wa karne kadhaa, lakini si gofu. Watu huswali humo hadi leo, chini ya mibuyu mikubwa, na mgeni anayefika wakati wa swala husubiri nje.

Wazungu walioandika katika karne ya 19 walikuja na haja nyingine. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alipita nchi ya Wadigo mwaka 1848 akielekea Usambara. Alitafuta mahali pa kueneza Injili, kwa hiyo aliyatazama makazi, lugha na wazee wa kaya (misitu mitakatifu ya Wamijikenda) kwa jicho la mtu anayepanga kazi. Juhudi yake iliacha kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Richard Burton alisafiri kwa chombo kutoka Mombasa kuelekea Pangani mwaka 1857 pamoja na John Speke, na kitabu chake cha 1872 kuhusu Zanzibar na pwani kimejaa maelezo ya kina yaliyochanganyika na dharau. Ukiwasoma wawili hawa kwa pamoja, unaona kwamba pwani ileile ilitoa picha mbili kwa sababu macho yalikuwa na kazi mbili.

Mwishoni mwa karne hiyo mgeni aligeuka mtawala. Kampuni ya Kiingereza ya Imperial British East Africa, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, ilijenga kituo Shimoni. Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gasi aliongoza upinzani dhidi ya Waingereza mwaka 1895 hadi 1896, kisha akavuka mpaka na kuingia eneo la Wajerumani. Nyumba za kikoloni zilizobaki Shimoni na mji wa kale wa Gasi ni sehemu ya kile mgeni wa leo anachotembezwa kukiona.

Hoteli, ndege na ukuta

Utalii wa hoteli ulianza kidogo wakati wa ukoloni, walowezi wa bara waliposhuka pwani kupumzika, na ukakua haraka baada ya uhuru wa 1963. Hoteli kama Jadini na Trade Winds zilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo Diani. Ndege za kukodi kutoka Ulaya zilipoanza kutua Mombasa kwa wingi, Wajerumani, Waswisi na Waingereza walipata likizo ya jua katikati ya baridi yao. Waitaliano walielekea zaidi Malindi, na Diani ikapata sifa ya kuwa ufuo wa Wajerumani, kiasi kwamba wachuuzi wengi walijifunza Kijerumani bila kukanyaga darasa.

Mfumo wa malipo yanayojumlisha chakula, vinywaji na burudani uliamua mengi kuhusu kile mgeni alichokiona. Mtu aliyelipa kila kitu akiwa kwao hana sababu ya kutoka nje ya lango. Hukutana na mhudumu, mpishi, mwimbaji wa jioni na mlinzi, wote wakiwa kazini na wote wakitakiwa kutabasamu. Maoni ya mgeni wa aina hii karibu yote husema kitu kimoja: watu wa hapa ni wakarimu na wenye furaha. Hata wimbo anaorudi nao nyumbani ulitungwa kwa ajili yake. Jambo Bwana, wa bendi ya Them Mushrooms, uliotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulizaliwa katika mazingira ya muziki wa hoteli za pwani na ukaenea ulimwenguni.

Njia ya kufika nayo ina somo lake. Kwa miongo mingi hapakuwa na njia fupi isipokuwa feri ya Likoni, ambayo kwa makadirio ya kawaida huvusha watu takriban 300,000 kwa siku, na waendao kwa miguu hawalipi. Hapo mgeni alijikuta kwa mara ya kwanza ndani ya umati wa Wapwani: wanafunzi, wachuuzi wa samaki, mikokoteni, akina mama wenye madebe, magari yaliyopangwa kwa kubanana. Wengi wameandika kwamba hapo ndipo walipohisi kuwa wamefika. Siku hizi wanaotua kwa ndege kutoka Nairobi kwenye kiwanja cha Ukunda, na wanaopita barabara ya Dongo Kundu tangu madaraja yake yafunguliwe mwaka 2024, wanalikosa funzo hilo. Safari imekuwa rahisi, na mkutano na watu umepungua.

Ufukweni: mahali pa kukutana na pa kukosana

Chini ya alama ya maji kujaa, ufuo wa Kenya ni wa umma. Hoteli haiwezi kuufunga. Kwa hiyo kati ya viti vya wageni na maji kuna ukanda ambao ni wa kila mtu, na mpakani husimama askari wa hoteli. Mgeni anapovuka tu mstari huo anasalimiwa. Mmoja ana mashua ya kwenda mwambani, mwingine ana vinyago, wa tatu anaongoza ngamia, wa nne ana madafu, na kijana aliyevaa shuka jekundu anamwonyesha shanga.

Hakuna mahali palipozaa malalamiko mengi zaidi ya wageni kuliko hapa. Wanasema hawapati nafasi ya kutembea kwa utulivu. Ukiangalia upande wa pili, unaelewa. Mchuuzi hana duka, hana mshahara, na msimu wake ni wa miezi michache. Mgeni atakayepita bila kununua hatarudi kesho. Tena salamu ya Kipwani ina desturi yake: haiwi ya neno moja. Mtu huulizwa hali, habari za alikotoka, habari za nyumbani, ndipo mazungumzo yaanze. Mgeni asiyeitikia huonekana ana kiburi, na mgeni anayeitikia kwa uchangamfu huonekana yuko tayari kununua. Wageni wanaokaa muda mrefu hujifunza njia ya katikati: kuitikia salamu kikamilifu, kusema wazi kwamba leo hawanunui, na kuendelea na safari. Wachuuzi na waendesha mashua nao wamejiunga katika vyama ili kuweka utaratibu na kutambulikana.

Vijana wa shuka nyekundu ni sehemu ya kosa kubwa zaidi la kuiona Kwale. Wengi wao ni Wasamburu na Wamasai waliotoka kaskazini na kusini mwa Bonde la Ufa kutafuta riziki. Wana haki ya kuwa hapo kama Mkenya yeyote. Lakini mgeni asiyeambiwa huondoka akidhani amekutana na utamaduni wa pwani, na Mdigo, mwenye ardhi, bahari, ngoma ya sengenya na misitu ya kaya, anafutika katika picha. Kitabu cha Mswisi Corinne Hofmann kilichotoka mwaka 1998, na filamu yake ya 2005, viliizidisha hali hiyo. Mwandishi alimwona kwa mara ya kwanza kijana Msamburu kwenye feri ya Likoni, akamfuata hadi kaskazini mwa Kenya, kisha wakarudi pwani kuendesha duka. Mamilioni ya wasomaji Ulaya wameijua pwani ya kusini kupitia hadithi ambayo ndani yake wenyeji wa pwani hiyo wanapita tu kando.

Vinyago navyo vina historia ambayo mnunuzi haambiwi. Ufundi wa kuchonga kwa ajili ya biashara ulienea Ukambani baada ya Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia, na vinyago vingi vya barabara ya Diani ni kazi ya Wakamba. Vingine ni vya Wamakonde wa Kwale. Kwa miaka mingi fundi aliyechonga mpingo uliosafiri hadi Berlin hakuwa na kitambulisho cha kumwezesha yeye mwenyewe kupanda ndege.

Maisha ya kila siku ng'ambo ya barabara

Barabara ya Diani inaigawa dunia mara mbili. Upande wa bahari kuna hoteli na nyumba za kifahari. Upande wa bara kuna Ukunda, mji wa soko, matatu, tuktuk, maduka ya simu na misikiti. Mgeni anayevuka upande huu hubadilisha maoni yake, na mara nyingi kinachombadilisha ni vitu vidogo.

Chakula ndicho cha kwanza. Asubuhi kuna mahamri na mbaazi za nazi. Jioni, kando ya barabara, kuna viazi karai, bhajia, mishikaki na muhogo wa kuchoma uliopakwa pilipili na ndimu. Kwenye bandari za wavuvi, ngalawa na mitumbwi hurudi na samaki wanaopimwa na kuuzwa papo hapo. Tajiri, yaani mfanyabiashara wa samaki, huchukua wakubwa kwa ajili ya hoteli. Wadogo huchukuliwa na mama karanga, wanawake wanaowakaanga na kuwauza kijijini jioni hiyohiyo. Mgeni anayekaa pale kwa saa moja anaelewa uchumi wa bahari kuliko maelezo yoyote: samaki aliyemla hotelini jana ametoka mikononi mwa mtu mwenye jina, na familia ya mtu huyo imekula dagaa. Maji yakikupwa anawaona pia watu wakiinama mwambani kuchokoa pweza kwa vyuma vyembamba, wakichungulia tundu moja baada ya jingine.

Muda ni jambo la pili. Wengi wamefika saa mbili ya kwao, yaani saa nane ya hapa, kwa ahadi ya saa mbili ya hapa, kwa sababu Mswahili huhesabu saa kuanzia kuchomoza na kuchwa kwa jua. Tena siku ya mji hupangwa na swala tano. Ijumaa mchana maduka mengi ya Waislamu hufungwa, na mwezi wa Ramadhani migahawa ya mjini hulala mchana na kuamka magharibi. Mgeni asiyejua hulalamika kwamba mji umekufa. Aliyealikwa kufuturu huondoka na kumbukumbu tofauti kabisa: uji wa pilipili manga, kaimati, tambi za sukari, na mwenye nyumba asiyekubali mgeni aseme ameshiba.

Jambo la tatu ni mavazi. Nguo ya kuogelea haina tatizo ufukweni mbele ya hoteli. Sokoni Ukunda au Msambweni inawavunjia watu heshima. Wapwani kwa kawaida hawamkemei mgeni. Hukaa kimya, hugeuza macho, na mgeni hudhani amekubaliwa. Ukimya huu umepotosha maoni mengi, kwani ukarimu wa Kipwani huficha kero. Mgeni makini hujifunga leso, na heshima anayorudishiwa huigundua katika salamu ya kwanza.

Picha ni jambo la nne, na hapa Kwale haiko peke yake. Mjini Kyoto, Japani, wakazi wa mtaa wa Gion walichoshwa na watalii waliowavizia wanawake wa sanaa za jadi ili kuwapiga picha, hadi mwaka 2024 wakazuia wageni kuingia vichochoro vyao binafsi, kwa tishio la faini ya yeni 10,000. Japani ina uwezo wa kuweka mabango na kutoza faini. Mama anayekuna nazi nje ya nyumba yake Mwaroni au Gasi hana bango. Anachokitegemea ni adabu ya mgeni, au mwongozaji mwenyeji atakayesema mapema: omba ruhusa kwanza.

Msambweni na kusini: mwendo wa polepole

Ukiiacha Diani kuelekea kusini, hoteli zinapungua na minazi, mikorosho na miembe inaongezeka. Msambweni ni mji wa wavuvi na wakulima, na katika kaunti nzima unajulikana kwa hospitali yake ya rufaa. Wageni wanaofika huko huandika zaidi juu ya utulivu na faragha. Wengine hulalamika kwamba hakuna cha kufanya. Malalamiko hayo yanasema zaidi kuhusu matarajio kuliko kuhusu mji, kwa sababu kuanzia hapo hadi mpaka wa Tanzania kuna vivutio vikubwa vya kusini: kisiwa cha Funzi na mikoko ya mdomo wa Mto Ramisi, mapango ya Shimoni, kisiwa cha Wasini, na hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti.

Kisite ni hifadhi ya taifa ya bahari yenye eneo la kilomita 28 za mraba, na Mpunguti iliyo kando yake ina kilomita 11 za mraba. Wageni huenda kwa majahazi kutazama pomboo na kuogelea juu ya matumbawe, kisha hula mchana Wasini: kaa aliyepikwa kwa tangawizi, samaki, wali wa nazi. Kila mmoja hupewa nyundo ndogo ya mti ya kuvunjia gamba. Kisiwa hakina magari. Upande mmoja kuna bustani ya matumbawe ya kale yaliyoachwa na bahari, na wanawake wa kisiwa wamejenga njia ya mbao juu yake. Kiingilio kinarudi kijijini.

Shimoni mgeni hushuka ndani ya pango lenye historia ya utumwa. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku na Sultani Barghash mwaka 1873, lakini ilikufa polepole. Wanaoingia wakicheka hutoka kimya. Pango linasimamiwa na jamii, na maelezo hutolewa na vijana wa Shimoni wenyewe.

Milimani, Hifadhi ya Shimba Hills iliyotangazwa mwaka 1968 ndiyo makao pekee ya palahala nchini Kenya. Kuna pia ndovu wengi na maporomoko ya Sheldrick, yenye kimo cha zaidi ya mita 20. Diani penyewe, mbega weusi wenye mabega meupe hupita juu ya barabara kwa madaraja ya kamba yaliyotundikwa kutoka mti hadi mti na shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka 1997 baada ya mbega wengi kugongwa na magari. Mgeni anayesimama chini ya daraja hilo na kumwona mama mbega akivuka na mtoto kifuani hupata somo la uhifadhi bila hotuba. Shirika hilo huwaomba wageni wasiwalishe nyani na tumbili, kwani mnyama aliyezoea mkate wa mtalii huishia kuwa adui wa jirani.

Pale wenyeji wanaposhika usukani

Mwaka 2001 wazee wa Kaya Kinondo walifungua sehemu ya msitu wao mtakatifu kwa wageni, kwa masharti yao. Msitu una karibu hekta 30, na ni miongoni mwa kaya za Wamijikenda zilizoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mgeni huvua kofia, hujifunga kaniki nyeusi kiunoni, haokoti hata jani, habusu mwenzake ndani ya kaya, na hapigi picha palipokatazwa. Mwongozaji ni Mdigo wa hapo, naye huutaja kila mti kwa jina na kwa ugonjwa unaotibiwa nao. Maoni ya wageni baada ya ziara hii ni tofauti na ya ufukweni. Hawazungumzii bei wala kusumbuliwa. Wanazungumzia walichofundishwa, na wengi huyataja masharti yenyewe kama sehemu bora ya ziara.

Gasi kuna mfano mwingine. Wanawake wa kijiji wana njia ya mbao ndani ya mikoko, na humwandalia mgeni chakula cha Kiswahili baada ya matembezi. Msitu huohuo ndio wa mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013 na kuhifadhi hekta 117 za mikoko kwa kuuza hewa ya kaboni, ukawa wa kwanza wa aina yake duniani na kushinda Tuzo ya Equator mwaka 2017. Mapato yamekwenda kwenye maji na shule. Kibuyuni, wanawake wanalima mwani na kutengeneza sabuni, na mgeni huwakuta shambani maji yakikupwa. Mwaluganje, wakulima walitenga ardhi yao kuwa njia ya ndovu na kugawana mapato ya wageni.

Katika sehemu zote hizi mwenyeji anaeleza maisha yake mwenyewe, kanuni zinatajwa mwanzoni, na pesa zina njia inayojulikana. Mgeni haachiwi kubahatisha.

Yanayotia doa

Ipo safari nyingine ambayo haiwezi kufichwa. Ripoti ya UNICEF na serikali ya Kenya ya mwaka 2006 ilikadiria kwamba wasichana 10,000 hadi 15,000 katika maeneo ya Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani walihusishwa na biashara ya ngono. Kuna wageni waliokuja kwa ajili hiyo, na walikuwepo wenyeji waliowafungulia milango. Filamu ya Ulrich Seidl wa Austria, iliyoshindana Cannes mwaka 2012, ilionyesha wanawake wa makamo wa Ulaya wakinunua mapenzi ya vijana wa ufukweni, na kila upande ukimtumia mwenzake. Hii nayo ni picha ya pwani iliyozunguka dunia. Kuikana hakuwasaidii watoto wa Ukunda. Kinachowasaidia ni sheria kutekelezwa, na familia kupata riziki isiyotegemea mfuko wa mgeni mmoja.

Habari za usalama nazo hujenga maoni kwa mbali. Vurugu za Likoni za Agosti 1997 zilifunga hoteli ambazo hazikuguswa na jiwe. Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake dhidi ya kwenda Mombasa na ukanda wa bahari hadi Tiwi. Diani haikuwemo katika onyo hilo, lakini kampuni za safari ziliwaondoa wageni wao hata hivyo, na wafanyakazi wengi wakarudi nyumbani bila kazi. Mtu aliyeko London haoni mpaka kati ya Tiwi na Diani. Anaona neno pwani. Wakati wa ugonjwa wa korona mwaka 2020, Diani ilipokosa ndege za nje, Wakenya wa bara ndio walioziba pengo, wengi wakija kwa reli ya SGR iliyofunguliwa mwaka 2017. Wao pia ni wageni hapa, na wao pia hufika na picha zilizotungwa kwingine: kwamba Mpwani ni mvivu, au kwamba pwani ni uchawi na starehe. Nao wanahitaji mwongozaji.

Hitimisho

Kwale ina bahari, misitu na historia za kutosha kuwavuta wageni kwa vizazi vijavyo. Kilichokuwa kikikosekana ni sauti ya mwenyeji katika maelezo. Kwa miaka mingi pwani ya kusini ilielezwa na mmisionari, mpelelezi, wakala wa ndege, meneja wa hoteli na mwandishi aliyekuja likizo. Kinondo, Gasi, Wasini, Shimoni na Kibuyuni zimeonyesha kwamba Mdigo, Mvumba na Mkifundi wakieleza wenyewe, mgeni huelewa zaidi, huheshimu zaidi, na pesa yake hufika mbali zaidi. Serikali ya kaunti, hoteli na shule zina kazi iliyo wazi: kuwafunza na kuwaajiri waongozaji waliozaliwa hapa, kulinda njia za wananchi za kufika baharini, na kuuweka utamaduni wa Kidigo mahali unapostahili katika kila programu ya kuwakaribisha wageni. Mgeni naye ana kazi yake, nayo si ngumu: avuke barabara, asalimie, aombe ruhusa, na amlipe aliyemfundisha.